Siku Saba za Mashine

Jembe la Séraphin halina mpini. Ndivyo watu wa Muheto walivyozoea kumtania tangu aliporudi kutoka Goma na kuanza kazi ya kushinda chumbani, Masisi-centre, mbele ya mashine isiyolima wala kukamuliwa. Ana miaka thelathini na sita. Mabega yake ni ya mtu aliyebeba magunia ya maharagwe tangu utotoni, lakini viganja vimekuwa laini, na wazee wa ukoo wakimsalimia huvigeuza juu chini kama wanaokagua ndama sokoni. "Ingénieur," humuuliza, "hii mikono bado inajua udongo?" Yeye alikuwa akicheka. Kwa miaka minne alikuwa na sababu ya kucheka.

Mashine yenyewe ni serveur moja ya kijivu, kompyuta ya kutunza kumbukumbu za wengi, iliyonunuliwa kwenye ofisi iliyofungwa Goma, imewekwa juu ya meza ya mbao za mikaratusi, ikiishi kwa paneli sita za jua na betri nne. Ni mali ya chama kidogo cha wakulima kinachoandikisha mashamba ya milimani, na pia mashimo ya wachimbaji wa Omate, huko Walikale. Sababu ya kuwa nayo haikuhitaji hotuba. Masisi imebadilisha wenye bunduki mara nyingi, na kila anayeingia huchana karatasi zilizopigwa muhuri na aliyetoka. Mtu anakimbia na watoto na godoro. Karatasi ya shamba inabaki imechomekwa chini ya paa. Akirudi, hakuna paa.

Juu ya mfumo wa Linux, Séraphin aliweka programu huria, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuichukua bure, kuisoma ndani na kuirekebisha. Kazi yake ni kuigawa kompyuta moja iwe nyingi. Kwa Kifaransa kila sehemu huitwa conteneur. Yeye, akiwaeleza wakulima, aliiita chumba. Nyumba ni moja, moto ni mmoja, lakini Muheto ina chumba chake na kufuli yake, Masisi-centre chake, Omate chake, na ugomvi wa chumba kimoja hauvuki ukuta. Pembeni alikuwa amejenga mashine nzima ya kuigiza, kompyuta ndani ya kompyuta, kwa ajili ya programu moja ya zamani ya ramani iliyokataa kuishi pamoja na nyingine. Kila asubuhi, kabla ya kuvua koti, aliandika amri moja na majina ya vyumba yakajipanga kwenye kioo, kila kimoja na hali yake: kinafanya kazi, kinafanya kazi, kinafanya kazi. Baba yake alihesabu ng'ombe hivyo hivyo, kwa mtindo wa kutotaka kuonekana anahesabu.

Jambo alilojivunia kuliko yote lilikuwa picha. Kila siku saa sita mchana, jua likiwa kali na betri zimejaa, mashine ilijipiga picha: si picha ya kuangalia, bali nakala ya hali ya kila chumba kama kilivyo dakika ile. Kitu kikiharibika leo, unarudi kwenye picha ya jana ukakitoa humo kikiwa kizima. Picha moja huishi siku saba, kisha mashine inaifuta yenyewe ili nafasi isijae. Hakuna aliyemwamuru kuchagua saba. Huku milimani mambo yote huenda kutoka soko hadi soko; mtu asipoonekana sokoni mara moja, watu huuliza. Séraphin aliona juma moja linatosha kwa kitu chochote kupotea na kutafutwa.

Aliyaeleza hayo hadharani, kanisani Muheto, siku chumba cha kijiji kilipofunguliwa. Mtu wa kwanza kuuliza swali alikuwa Darius, mdogo wa baba yake, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu na ng'ombe kumi na wanane. Ndiye aliyeuza ng'ombe ili Séraphin asome Goma, na hakuna sikukuu aliyosahau kulitaja hilo.

"Na kama muntu anafuta kitu kwa ubaya?" aliuliza Darius.

"Baba mudogo, tuko na siku saba. Mu siku saba naweza kuirudisha."

"Na siku ya nane?"

"Siku ya nane haiko tena. Lakini nani atakaa siku nane bila kujua kitu yake imeibiwa?"

Kanisa zima lilicheka. Séraphin alimshukuru kwa swali, akasema laiti wote wangeuliza kama yeye.

Kulikuwa na kanuni tano zilizobandikwa kwenye mlango wa ofisi, naye ndiye aliyeziandika. Ya tatu ilisema: mlinzi wa mashine hatoi ushahidi, anafungua, anaonyesha, anafunga. Alikuwa amesikia habari za kijiji kimoja ambako mwandishi wa daftari la mashamba aligeuka kuwa shahidi wa kila kesi, na kila kesi ilimnenepesha. Hakutaka kuwa mtu huyo. Baraza la ardhi la Muheto liliipenda kanuni ile kuliko zote likaiandika katika daftari lake. Mashine ikisema, watu wananyamaza. Mashine ikinyamaza, baraza linasikiliza watu, isipokuwa mlinzi.

Mwezi wa tatu mwaka huu kesi ya Mama Uwimbabazi ikaletwa barazani. Ni mjane wa miaka hamsini na minane, mwembamba, wa maneno machache. Shamba lake ni mteremko mmoja unaopakana na malisho ya Darius. Miaka ishirini na miwili iliyopita Athanase, baba yake Séraphin, aliutoa mteremko huo kwa Straton, mume wa Uwimbabazi, akalipwa mtamba mwenye doa jeupe begani. Walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, wakapanda miti ya miyenzi kuwa mpaka, wakaandika karatasi na kutia vidole. Straton alikufa. Karatasi ilipotea katika kukimbia. Miyenzi ilikatwa wakati kijiji kiko tupu, na hakuna aliyewahi kusema ni nani aliyeikata. Sasa Darius alidai kuwa kaka yake hakuutoa mteremko. Aliuazima tu, kwa maharagwe ya misimu michache, na azima hurudi kwa mwenyewe.

Dawa ilikuwa moja, na ilikuwa hai. Athanase alikuwa na miaka sabini na tisa, mapafu yakimsumbua, akili timamu. Mwanzoni mwa mwezi wa nne Séraphin alikwenda nyumbani na tablette ya ofisi, akamketisha baba yake uani kwenye kigoda, Uwimbabazi akiwa kando, akarekodi video ya dakika kumi na nne. Mzee alisema yote: mtamba, doa, kasiksi, nani alipanda mche upi. Alimtaja Darius pia, kwamba alikuwepo, na kwamba alikunywa. Kesho yake video iliingia katika chumba cha Muheto. Kesi ilipangiwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Uwimbabazi aliendelea kupalilia maharagwe yake kama kawaida.

Athanase alikufa Jumapili, siku kumi na moja kabla ya kesi, akazikwa Jumatatu kwenye mvua.

Siku hizi kilio cha Muheto ni siku nne. Vita na njaa vimekifupisha, na hakuna anayelalamika. Lakini kabla watu hawajatoka kaburini Darius alisimama, akiwa sasa ndiye mkubwa wa ukoo, akasema kaka yake hatazikwa kama mtu wa kambini. Zitakuwa siku nane, kama za baba yao. Siku nane hakuna wa nyumba hiyo atakayeshika jembe, kukata, kupanda wala kuuza. Wazee wengine walitikisa vichwa kwa kuridhika. Ni muda mrefu hawajamsikia mtu akitaka desturi irudi nzima.

"Kila muntu na jembe yake," alisema Darius, akamtafuta Séraphin kwa macho. "Na yako, Séraphin, iko Masisi. Yenyewe pia haishikwe."

Jirani mmoja aliuliza kama mashine nayo itanyolewa nywele. Watu walicheka kidogo, kicheko cha kilio, na Séraphin alicheka pamoja nao. Kwa kweli maneno yale yalimgusa. Kwa miaka minne jembe lake lilikuwa mzaha. Leo, mbele ya kaburi la baba yake, mkubwa wa ukoo alikuwa ameliita jembe bila kutania. Alijibu kwamba ataheshimu.

Siku ya pili, Jumanne, Darius alipanda moto, pikipiki ya abiria, asubuhi kwenda Masisi kununua chumvi na sukari ya waliokuja kulia. Alirudi saa tisa alasiri, viatu vina tope hadi kwenye vifundo, akaketi mahali pake karibu na moto wa kuni. Hakuwa amemaliza hata kikombe cha uji simu ilipotetemeka katika koti la Séraphin. Aliitoa. Alikuwa Aurélie, katibu wa ofisi, mwanamke wa miaka arobaini ambaye hakuwa na tabia ya kupiga simu bila sababu.

Darius aliiangalia simu, kisha akamwangalia yeye.

"Jembe inalia," alisema.

Wanaume waliokuwa wamekaa pale waliinamisha vichwa kuficha meno. Séraphin aliona haya. Aliikata simu. Ikaja mara ya pili, ikafuatwa na mlio mfupi wa ujumbe. Akaizima kabisa bila kusoma, akaitia chini ya mkeka. Haikuwashwa tena hadi kilio kilipoisha. Yeye mwenyewe anasema hivyo, wala hatafuti kujitetea: hakuna aliyemnyang'anya simu.

Siku sita zilizobaki zilikwenda kama siku za kilio zinavyokwenda. Mvua, maharagwe, nyimbo za kanisa, watu wanaolala kwa zamu. Alimwaza baba yake. Aliiwaza pia kesi, na aliiwaza vizuri, kwa utulivu; mzee amekufa lakini amesema, na alichosema kimefungiwa. Uwimbabazi alikuja siku ya tano na kikapu cha viazi. Alimwambia polepole, akiwa ameinama kukiweka chini, kwamba anamshukuru Mungu kwa kuwa Athanase aliongea mapema. Séraphin alimwambia asiwe na wasiwasi.

Siku ya nane, Jumatatu, watu walikusanyika tangu asubuhi kwa ajili ya kushika majembe. Ni jambo la nusu saa: watu wa nyumba wanaoga, wanalima mstari mmoja kila mtu katika shamba la marehemu, wanakula, kilio kimeisha. Darius alisema wangoje. Kuna mgeni anatoka Kitchanga, si vizuri kuanza bila yeye. Walingoja saa moja, mbili, tatu. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani. Mgeni hakutajwa jina na hakufika. Jua lilipokuwa utosini Darius alimgeukia Séraphin, aliyekuwa na saa mkononi.

"Ni saa ngapi?"

"Saa sita na dakika kumi, baba mudogo."

"Haya. Mushike majembe."

Séraphin alilima mstari wake kwa jembe la kuazima, akala matonge matatu, akatafuta moto. Alitaka kuiandaa video kwa ajili ya Alhamisi. Barabara ilikuwa matope, dereva alishuka mara mbili kuisukuma, na ilikuwa imepita saa tisa alipofika ofisini. Aurélie alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi alikuwa na daftari la zamu, limefunguliwa.

Maandishi yake ni mazuri, ya mtu aliyefundishwa na masista. Jumanne, saa nne na dakika ishirini. Papa Darius, mkubwa wa famille, ameomba video ya marehemu itolewe wakati wa kilio. Imetolewa. Séraphin atairudisha kutoka kwenye picha.

"Nilikupigia," alisema Aurélie.

"Najua."

"Alisema sura ya maiti haifai kusema kama kilio haijaisha. Alikuwa analia, Séraphin. Nani angemukatalia baba mudogo yako? Na wewe njo ulitufundisha, mu siku saba yote inarudi. Nilijua utarudi siku ya ine, kilio ikiisha."

Séraphin aliketi akiwa bado na koti, akaandika amri ya kuorodhesha picha za chumba cha Muheto. Zilikuwa saba, kama kawaida. Ya zamani kuliko zote ilikuwa ya Jumanne saa sita mchana: saa moja na dakika arobaini baada ya video kutolewa. Picha ya Jumatatu ya maziko, ya mwisho iliyokuwa na baba yake ndani, ilikuwa imefutwa leo hii saa sita kamili. Dakika kumi baadaye Darius alikuwa ameuliza saa.

Mashine haikuwa na kosa. Ilikuwa imefanya alichoagizwa, kwa dakika.

Kulikuwa na mahali pengine pa kutazama. Kila mwisho wa mwezi disque moja ya kuhifadhia nakala hufungwa katika plastiki na kupelekwa kwa moto hadi Walikale, kwenye mashine pacha inayotunza mashimo ya Omate, nakala ya huku ikalale kule na ya kule huku. Disque ya mwisho ilikuwa imeondoka siku sita kabla ya Athanase kurekodiwa. Séraphin alijua hivyo, lakini alipiga simu. Mlinzi wa kule, Gisubizo, alitafuta kwa uvumilivu, chumba kwa chumba, akamwambia hakuna.

Jumanne asubuhi alipita kwa Darius. Alimkuta kwenye zizi, anaangalia ng'ombe wakikamuliwa. Hakupandisha sauti, alimwambia tu kwamba anajua alikwenda ofisini, anajua kwa nini siku zilikuwa nane, anajua mgeni wa Kitchanga hayupo.

Darius alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa mkono na kumwondolea unyasi begani, kama mzazi.

"Miye niliomba heshima ya kaka yangu," alisema. "Sikugusa kitu. Ni mashine yako njo imefuta, na ni wewe njo uliiambia ifute. Ulitueleza vizuri sana pale kanisani. Ile ng'ombe yangu haikuuzwa bure."

Wakamuaji waliendelea kukamua. Mmoja alitabasamu ndani ya ndoo.

Kitu kinapofutwa kwenye disque hakiondoki mara moja. Kinaachwa mahali pake bila jina, mpaka kingine kiandikwe juu yake. Séraphin alikizima chumba cha Muheto, akanakili disque nzima biti kwa biti, akaanza kutafuta mabaki. Lakini kwa siku saba Aurélie alikuwa amefanya kazi yake kwa uaminifu: mashamba kumi na manne mapya, kila moja na picha zake na video za mashahidi wake. Majirani walikuwa wameandikwa juu ya baba yake. Mvua ilificha jua na betri zikashuka, kwa hiyo alizima taa za ofisi, akazima na vyumba vyote vingine, akabaki na utafutaji peke yake. Jumatano jioni ulimpa sekunde kumi na tisa.

Alhamisi baraza lilikaa katika darasa la shule ya msingi. Mkubwa wa baraza ni Papa Tuyishime, mwalimu mstaafu, mtu mkavu asiyependa kelele. Uwimbabazi alivaa kitenge cha kanisani. Séraphin aliweka tablette juu ya meza, akafungua, kama kanuni inavyosema, akaonyesha.

Athanase alitokea, kwenye kigoda, na kofia yake ya sufu. Alikohoa. Akatazama watu wote.

"Miye Athanase. Niko na akili yangu yote. Hakuna muntu ananilazimisha. Kuhusu ile shamba ya kwa Straton, ukweli njo huu…"

Kisha vikaja vipande vya mraba vya kijani, na kioo kikawa cheusi.

Halafu Darius akaomba irudishwe tena, anataka kumwona kaka yake. Ikarudishwa. Akafuta macho, na pengine machozi yalikuwa ya kweli. Walinyonya titi moja. Akaomba mara ya tatu. Kwenye madawati ya nyuma mtu alinong'ona kwamba serveur nayo imeshikwa na kikohozi cha mzee, na kicheko kikapita safu hadi safu.

"Ukweli njo gani?" aliuliza Tuyishime.

Séraphin alifungua kinywa. Tuyishime aliinua kiganja. Mbele yake daftari la baraza lilikuwa wazi kwenye ukurasa wa kanuni, na alisoma ya tatu kwa sauti, taratibu, kama anayesomesha darasa.

"Hii mwandiko ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi kaa."

Hakukaa. Alisema anaacha kazi sasa hivi, funguo hizi hapa, asikilizwe kama mtoto wa Athanase, si kama mlinzi. Tuyishime alimjibu kwamba aliyoyasikia aliyasikia akiwa mlinzi, na kwamba mtu akivua kanuni kila inapombana, kesho hakuna shamba litakalolindwa. Alisema bila ukali. Ilikuwa sauti ile ile ambayo Séraphin mwenyewe aliitumia miaka minne iliyopita kumshawishi.

Mashine ikiwa imenyamaza, baraza likasikiliza watu. Uwimbabazi alieleza yale aliyoeleza siku zote, kwa maneno yale yale. Darius alileta wanaume wawili wa rika lake waliokumbuka azima, na waliikumbuka vizuri, hadi hali ya hewa ya siku hiyo. Hukumu ilichukua muda mfupi kuliko kuoga kwa siku ya nane. Mteremko ulirudi kwa ukoo wa Athanase, ambao mkubwa wake ni Darius. Na kwa kuwa Séraphin ni wa ukoo huo, Tuyishime alimpa mkono wa pongezi alipotoka.

Uwimbabazi aliomba angojewe avune. Maharagwe yalikuwa kwenye maua. Darius alisema atafikiri. Alasiri hiyo hiyo ng'ombe kumi na wanane waliingia mteremkoni kutoka upande ambako miyenzi ilikuwepo zamani. Mchungaji alisema hakukuwa na mpaka wa kuwazuia.

Séraphin alimkuta mama huyo amekaa kwenye ukingo wa juu wa shamba, akiwatazama. Ng'ombe hawali maharagwe kwa pupa. Hula, husimama, hulala juu yake. Aliketi hatua chache kando yake. Uwimbabazi ndiye aliyeanza kusema, bila kugeuza uso.

"Ile siku saba. Nani alikupa?"

"Hakuna. Nilichagua miye."

"Ungeweza kuchagua ngapi?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema habari za nafasi na ukubwa wa disque, naye asingejua. Lakini picha hizo hutunza tu kilichobadilika, na hazili nafasi nyingi. Alikuwa amepiga hesabu hiyo usiku wa Jumanne ile, na jibu alikuwa nalo.

"Ata mwaka, Mama."

Uwimbabazi alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa bei. Aliinuka, akakung'uta kitenge, akashuka kwenda kuona kama kuna mstari uliobaki. Tangu siku hiyo humsalimia Séraphin kanisani kama anavyosalimia watu wengine wote. Amekwenda kuishi kwa dada yake, upande wa Masisi-centre, na anauza mkaa. Hupita mbele ya ofisi mara mbili kwa juma.

Kazi hakuiacha. Chama kilimkatalia, hakuna mwingine anayejua vyumba. Aurélie ndiye aliyeacha. Alikabidhi daftari la zamu likiwa limepigwa mstari kwa rula chini ya neno la mwisho, akarudi kwao.

Jumatatu iliyofuata Darius alifika na nakala ya hukumu na fromage moja, jibini ya milimani, mviringo, imefungwa kwa jani la mgomba. Kwa kanuni ya kwanza kila hukumu ya baraza lazima iandikwe katika chumba cha kijiji siku inapoletwa, na mlinzi ndiye anayeandika. Séraphin aliketi. Darius alivuta kiti akakaa nyuma yake, karibu kiasi cha kusikika pumzi, akimtajia herufi za jina lake kana kwamba hazijui.

Ilipokwisha, ilikuwa bado saa nne. Séraphin hakungoja saa sita. Aliandika amri kwa mkono, mashine ikapiga picha ya chumba cha Muheto kama kilivyo, na mahali pa tarehe ya kufa kwa picha hakuweka tarehe.

"Hii yenyewe inajifuta lini?" aliuliza Darius.

"Haijifute."

"Ata nikikufa?"

"Ata ukikufa."

Darius aliusoma mstari ule kwenye kioo mara mbili, midomo ikicheza. Aliridhika. Alisimama, akasogeza fromage karibu na mkono wa mtoto wa kaka yake ili asiisahau.

"Ungefanya vile tangu mwanzo," alisema, akatoka kutafuta moto.